Ukilia, Nesi Atakuchoma Sindano

Kwenye foleni ya watoto hospitalini, hapa Dodoma na nadhani kokote nchini, kuna sentensi utaisikia kabla hujasikia hata jina la mgonjwa: "Ukilia, namwita nesi akuchome sindano." Mama anaitamka kwa mazoea, hana ubaya wowote. Ameamka alfajiri, amebanana kwenye Hiace toka Mpwapwa, mtoto amemkesheza usiku kucha, na maneno hayo yananyamazisha papo hapo. Shida ni kwamba nesi mwenyewe ni mimi. Nikitokea mlangoni na trei, mtoto ameshajulishwa kuwa mimi ndiye adhabu. Mwili umekaza kabla sijamgusa, mkono umefichwa kwapani, mshipa hauonekani, na sindano ambayo ingeuma kidogo inauma kwelikweli.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba natumia hipnosisi, tiba ya maneno na mawazo, kwa watoto huniuliza kama siogopi kuchezea akili za watoto wa wenzangu. Mtoto huyo ameshachezewa akili nje ya mlango, na aliyefanya hivyo ni mtu anayempenda kuliko wote. Amepewa picha, ameiamini, na mwili umeitii. Kazi yangu inaanzia hapo, kumsaidia atengeneze picha nyingine.

Wasiwasi wa watu naufahamu. Wengine huwaza matapeli wa stendi, wale wanaokusalimia na kukuuliza njia, ukija kushtuka umeshawapa simu na ada ya mtoto. Wengine huwaza mapepo. Jirani yangu wa Nkuhungu, mlokole mwenye moyo wa dhahabu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ukishamlaza, roho yake inabaki wapi?" Nikamwambia mtoto halali usingizi. Mtu mzima akifanyiwa hipnosisi huwa anafumba macho na kutulia, lakini mtoto mdogo mara nyingi macho yako wazi, anajikuna, anachezea kona ya shuka, anakukatiza kuuliza kama kuna chipsi. Ukimtazama hutadhani kuna tiba inaendelea. Kinachotokea ni kwamba umakini wake wote umehamia mahali pamoja, ndani ya jambo analoliwazia kwa nguvu, na akiwa humo maneno machache ya mtu anayemwamini yanaweza kubadilisha namna mwili wake unavyohisi. Roho haijaenda popote. Jirani hakuridhika sana, lakini alikubali tuendelee kusalimiana.

Niliyajua haya kupitia daktari wa watoto aliyekuja kutufundisha udhibiti wa maumivu. Tulitegemea vipimo vya mofini, dawa kali ya maumivu, na karatasi za nyuso za kucheka na kulia ambazo mtoto huonyeshea kiasi cha maumivu. Vyote hivyo tulifundishwa. Katikati akatusimulia kisa cha mwaka 1784. Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza tiba ya Franz Anton Mesmer, daktari aliyedai kuna nguvu ya sumaku inayopita ndani ya viumbe na kwamba yeye anaweza kuielekeza iponye watu. Benjamin Franklin, aliyekuwa akiiwakilisha Marekani huko, alikuwa mjumbe wa tume. Kwenye bustani ya makazi yake, mwanafunzi wa Mesmer aliutia "sumaku" mti mmoja, kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti mingine. Alianza kutoka jasho, akakohoa, na kwenye mti wa nne akazirai. Mti ule haukuwa umeguswa. Tume ikasema sumaku hakuna, ni mawazo tu ya mtu, na Mesmer akaaibika.

Darasa lilicheka. Mimi nilibaki na huyo mvulana. Kama wazo lake peke yake linaweza kumwangusha mtoto chini, tunaliacha vipi likae bure wodini? Baadaye niligundua kwamba madaktari walikuwa wameshajiuliza hivyo muda mrefu. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosisi kuwa na nafasi katika tiba mwaka 1955, cha Marekani kikafuata 1958. Na watoto ndio wanaoiweza kuliko sisi. Uwezo huo hupanda tangu umri wa kuanza shule na kufikia kilele kati ya miaka 8 na 12 hivi, umri ule ule ambao fimbo ni farasi na boksi ni lori.

Wa kwanza kunifundisha kwa vitendo alikuwa mvulana wa darasa la kwanza, wa upande wa Chamwino, aliyemwagikiwa uji wa moto mguuni. Ajali za namna hiyo ni nyingi mno kwetu, maana jiko ni mafiga matatu chini na mtoto anapita pale pale. Siku ya kubadilisha bandeji alikuwa akilia hata wodi ya wazazi wanasikia. Dawa ya maumivu alikuwa amepewa mapema ili iwe imeshika tunapoanza, na kwenye hilo sibishani na mtu: hipnosisi inaongezwa juu ya dawa, haichukui nafasi ya dawa. Hospitali ikikosa dawa, suluhisho ni kutafuta dawa.

Mwenzangu alikaa miguuni na chachi zake, mimi nikakaa kichwani. Sikumuuliza chochote kuhusu kidonda. Nilikuwa nimesikia kwa baba yake kwamba ni mchungaji hodari, nikauliza:

"Sasa hivi mbuzi wanachungwa na nani?"

Kilio kikapungua kidogo. "Kaka."

"Anawaweza?"

"Hajui. Anawapeleka korongoni, kuna miiba."

"Wewe ungewapeleka wapi?"

Akaanza. Unapita nyuma ya shule, unaacha mbuyu wenye mzinga mkono huu, akainua mkono kunionyesha, unashuka mtoni. Mto wenyewe mkavu, ni mchanga mtupu, lakini ukichimba maji yapo. Nikamuuliza nani anatangulia. Yule mwenye kengele. Kengele inaliaje? Akaiiga. Nikasema mbuzi sasa wamefika, wanakunywa maji mtoni. Akanitazama kwa huruma: mbuzi hawanywi mtoni, watavuruga maji ya watu, unawachotea. Basi chota, nikamwambia. Akawa anachota. Nikauliza mchanga wa pale chini unapochimba ukoje. "Wa baridi." Nikauliza miguu iko wapi. "Humo." Mguu upi umeingia zaidi? Hakujibu, akausogeza ule wenye kidonda kidogo tu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo bado siwezi kuieleza vizuri.

Mwenzangu alikuwa ameshatoa nusu ya bandeji. Kuna mahali ilinata, mtoto akasema, "Inauma." Nikamjibu, "Ndiyo, hapo inauma kidogo. Yule mweusi asije akapotea." Akarudi kwa mbuzi wake.

Hapo kuna mambo ambayo kitabu kisingenifundisha. Kwanza, hakuna aliyemlaza huyo mtoto. Alikwenda mwenyewe, mimi nilikuwa mgeni kwenye malisho yake na nilisahihishwa kila nilipojitia kujua. Wanaojaribu kazi hii wakiwa na hadithi iliyoandikwa tayari, yenye ufukwe na mawimbi na mawingu meupe, wanampeleka mtoto wa Chamwino mahali asipopajua na kumtaka apumzike huko. Pili, sikumwambia kwamba haiumi. Mtoto akiambiwa haiumi halafu ikauma, amejifunza jambo moja tu, kwamba huyu nesi ni mwongo, na siku hiyo umepoteza kila kitu, maana yote haya yamejengwa juu ya kuaminiwa. Ukikubali kwamba inauma na hapo hapo ukampa la kufanya, anakufuata.

Lugha nayo ni mtihani. Mimi ni Mpare wa Same, Kigogo changu kinaishia kwenye "mbukwa" ya asubuhi. Aliwahi kuletwa binti mdogo toka kijiji cha Bahi, Kiswahili chake cha kuombea maji tu, anahitaji dripu na mishipa yote imelala. Bibi yake alikuwa mkali, hataki kusikia mambo ya mawazo. Nikamshika mkono nikamwomba kitu kimoja: bibi, msimulie hadithi yoyote unayomsimuliaga usiku, sisi tutafanya kazi yetu kimya. Akakaa kitandani, akamweka mjukuu kifuani, akaanza. Ilikuwa hadithi yenye wimbo ndani yake, na kila wimbo ulipofika binti aliitikia kwa midomo. Watoto wa vitanda vya jirani nao wakaanza kuitikia. Dripu ikaingia katikati ya ubeti. Hadi leo sijui hadithi ilihusu nini, na bibi hakuwahi kukubali kwamba amefanya hipnosisi.

Kwa wenye miaka mitano au sita, wanaochomwa mara kwa mara, nimetumia sana glavu ya ajabu, njia iliyotoka kwa Leora Kuttner, mwanasaikolojia wa watoto wa Vancouver. Unamvisha mtoto glavu isiyokuwepo, kidole kwa kidole, polepole, unaivuta hadi kwenye kiwiko, unamwambia mkono wenye glavu utajua kwamba unaguswa ila hautasumbuka. Unaugusa huu, unaugusa ule, unamuuliza tofauti. Wengi wanaiona tofauti. Baada ya kazi unaivua, na ole wako usahau kuivua, atakuita. Chini ya umri huo sihangaiki na glavu. Hapo ni mapovu ya sabuni, titi la mama na mikono yenye haraka.

Mambo yanabadilika ukitoka kwenye sindano na kuja kwenye maumivu yasiyo na kidonda. Binti wa kidato cha pili, anasoma bweni, aliletwa na mama yake akiwa na bahasha ya vipimo nene kama daftari. Tumbo. Limeuma mwaka mzima, zaidi Jumapili jioni na wiki za mitihani. Ameandikiwa taifodi, ameandikiwa U.T.I., ameandikiwa tena taifodi, amemeza antibayotiki mpaka ladha ya chakula imepotea. Ameombewa, na kwa jinsi mama alivyoinamisha macho nilielewa kwamba kwa mganga pia wamefika.

Daktari hakukurupuka. Aliuliza kama uzito umepungua, kama kuna damu kwenye choo, kama kuna homa, kama anatapika, kama maumivu yanamwamsha usingizini. Mtoto mwenye moja ya dalili hizo hapelekwi kwenye hipnosisi, anapelekwa kuchunguzwa zaidi. Kwa binti huyu majibu yote yalikuwa hapana, ultrasaundi ilikuwa safi, na daktari akafanya jambo ambalo ningependa madaktari wengi walifanye: akamwambia mbele ya mama yake kwamba tumbo linauma kweli, hatungi, ila hakuna kilichooza humo. Mama akauliza kama ni wazimu. Hapana, mama. Kisha tukamwita mwanasaikolojia tiba ninayefanya naye kazi.

Kwa tumbo la namna hii ndipo utafiti wenye nguvu ulipo. Mwaka 2007 huko Uholanzi, Arine Vlieger na wenzake walichukua watoto 53 wa miaka 8 hadi 18. Nusu wakapata tiba ya kawaida, nusu wakapata vikao sita vya hipnosisi inayolenga tumbo ndani ya miezi mitatu. Mwaka mmoja baadaye asilimia 85 ya waliopata hipnosisi walikuwa wamepona au karibu kupona, wale wengine asilimia 25. Siku mwanasaikolojia aliponisomea namba hizo nilimwomba arudie.

Alianza kwa kumuuliza binti tumbo lake likianza linakuwaje. Nilitegemea aseme linakatakata. Akasema, "Kama bomba la nyumbani maji yakirudi." Mtu wa Dodoma haelezwi. Maji yanakatwa siku nzima, pengine siku mbili, halafu usiku wa manane yanafunguliwa na bomba linaanza kugonga, kukohoa, kutikisika ukutani, upepo na maji vikigombania njia. Mwanasaikolojia akamuuliza, "Kwenu mkisikia hivyo mnafanyaje?" Baba anakwenda kwenye mita, anaifunga koki karibu yote, halafu anaifungua taratibu. "Na kelele?" Zinaisha.

Hiyo ndiyo ikawa tiba yake. Mikono juu ya tumbo mpaka joto lishuke ndani, kupumua, kutembea uani usiku hadi kwenye mita, kuishika koki yenye baridi, kuizungusha kidogo kidogo na kusikiliza. Baada ya vikao kadhaa hakuhitaji kusemeshwa, alikuwa anaenda kwenye koki peke yake. Sauti ya mwanasaikolojia ilirekodiwa kwenye simu ya mama kwa ajili ya likizo, na kwa kuwa shuleni simu hazitakiwi, aliikariri na kuifanya kitandani kabla taa hazijazimwa. Sikuona ajabu niliposoma baadaye kwamba Waholanzi hao, mwaka 2017, walilinganisha watoto 260 na kukuta kwamba waliofanya mazoezi nyumbani kwa kusikiliza CD hawakuachwa mbali na waliokaa na mtaalamu. Kwa nchi yenye wanasaikolojia wachache kama yetu, habari hiyo ni kubwa kuliko kwao.

Tumbo halikukoma kabisa. Liliacha kumtoa darasani. Na mwanasaikolojia alitumia muda mwingi zaidi kuongea naye kuhusu baba aliyeuza ng'ombe kulipa ada na kumwambia kila simu, "Usituangushe," kuliko aliotumia kwenye koki. Baba aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akasikiliza, akasema yeye alidhani anamtia moyo.

Vijana wakubwa wana masharti yao. Kijana wa miaka 16, Mrangi wa Kondoa, mwenye selimundu, yaani sikoseli, aliniambia siku ya kwanza kwamba hadithi za mbuzi nimpelekee mdogo wake. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wa rika lake wamechoka kuambiwa wanajifanya. Nilipotaja mawazo na maumivu akanuna. "Kwa hiyo ni ya kichwani?"

Kijana hapewi picha, anapewa maelezo. Nilimchorea kwenye karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa jinsi chembe nyekundu zinavyojikunja na kuziba mishipa midogo, na mifupa ikilia kwa kukosa oksijeni. Hiyo si ya kichwani. Kisha nikamweleza jaribio la 1997 la Pierre Rainville na wenzake kule Montreal: watu waliowekwa mikono kwenye maji ya moto wakiwa ndani ya hipnosisi, wakaambiwa kero ya maumivu inapungua au inaongezeka. Sehemu ya ubongo inayohusika na kero ilibadilika kufuata maneno, ile inayopokea taarifa kwamba hapa pana joto na pameguswa ikabaki vile vile. Yaani ubongo una chumba cha "kunatokea nini" na chumba cha "kunanitesa kiasi gani", na kwenye hicho cha pili kuna mlango. Akainua shingo. "Unafunguliwaje?"

Wake ulifunguliwa na basi. Mjomba wake ni kondakta wa njia ya Kondoa na yeye amepanda gari hilo tangu hajui kusoma. Maumivu yakianza, mbali na dawa na maji mengi, anakaa kiti cha nyuma ya dereva na kuanza safari: Msalato, Makutupora, Mayamaya. Kila kituo anashusha mtu, na anayeshuka anaondoka na mzigo wake. Alinihakikishia kwamba mpaka Mela gari linakuwa karibu tupu. Kuna siku maumivu yalikuwa makali mno na basi halikuondoka hata stendi. Tulimpa mofini na hakuna aliyezungumzia hipnosisi. Kliniki iliyofuata nilimkuta kwenye benchi akimfundisha mwenzake wa darasa la sita, ila mwenzake alichagua treni ya mwendokasi, akadai basi ni la kizamani.

Upande wa pili wa nguvu hii nimeuona shuleni. Sekondari moja ya wasichana nje kidogo ya mji walitupigia jioni: watoto wanaanguka. Kila aliyekaa Tanzania anajua habari hiyo. Anaanza mmoja, anapiga kelele kwamba anakabwa, anafuata wa pili, bweni zima linatikisika, na kesho yake wazazi wako getini. Kashasha, kule Kagera, Januari 30, 1962, walianza wasichana watatu kwa kucheka. Kicheko kikaenea hadi kwa 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Huyo ni mvulana wa bustani ya Franklin akiwa na wenzake 94.

Tulipofika, walioanguka walikuwa wamelazwa mstari mmoja ukumbini, shule nzima imewazunguka, simu za walimu juu zikirekodi, na mtu mmoja akimuuliza kila binti kwa sauti kubwa, "Umemuona nani? Nani anakukaba?" Swali hilo lina mtu ndani yake. Binti ambaye hajaona chochote anaanza kutafuta. Tuliomba watazamaji waende bwaloni wakale. Walioanguka tukawatenganisha, kila mmoja na mtu mzima wake, mahali asipowaona wenzake, na maneno tuliyoyasema yalikuwa machache na ya kweli: umepumua haraka sana ndiyo maana vidole vimekufa ganzi, pumzi ikishuka ganzi itatoka, tazama, hiki kidole kimeanza. Hakuna aliyetajiwa pepo wala aliyeambiwa anaigiza. Kabla ya saa nne usiku wengi walikuwa wanadai chakula chao.

Binti mmoja alibaki. Alipokuwa peke yake na mimi alianza kusema jambo kuhusu mtu wa nyumbani kwao. Hapo hipnosisi inafungwa kabatini. Mtu aliye ndani ya mawazo mazito anaweza kujazwa kumbukumbu ambazo hazikuwepo, au ya kweli ikachafuka kiasi kwamba mahakamani haitasimama, na kwa mtoto aliyeumizwa huo ni ukatili mwingine. Nilisikiliza, sikuuliza swali la kumwelekeza, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wakaendelea, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka. Vivyo hivyo mtoto anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii hafanyiwi mazoezi ya mawazo; anapelekwa kwa madaktari wa akili, na sisi tuna bahati ya kuwa na Mirembe hapa hapa mjini, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu 1927. Watu bado wanalitaja jina hilo kwa kutaniana, na wazazi wanakataa rufaa kwa sababu ya utani huo.

Baada ya habari za kuanguka kuenea, alitokea mtu shuleni hapo na vipeperushi. Suti nzuri, cheti chenye fremu, hipnosisi ya kuongeza ufaulu, darasa zima kwa mkupuo, bei kwa kichwa. Mkuu wa shule aliniita nikae kwenye mazungumzo. Nilimuuliza yule bwana taaluma yake ni ipi ukiondoa hipnosisi, kwa sababu kanuni ya kazi hii ni kwamba usitibu kwa hipnosisi kitu ambacho usingeweza kukitibu bila hiyo: daktari wa meno aitumie kwenye meno, nesi kwenye vidonda, mwanasaikolojia kwenye hofu. Akasema yeye ni mhamasishaji. Nikamuuliza, akiwa na watoto arobaini macho yamefumbwa, mmoja akaanza kulia na kusema anapigwa nyumbani, anafanyaje. Akafikiri kidogo, akatabasamu, akasema angemwelekeza asahau.

Mkuu wa shule alimrudishia kipeperushi chake, akamwagiza mlinzi amfungulie geti. Kisha akaniuliza kama Alhamisi nina zamu, maana anataka nije nikae na matroni wote na wapishi, niwaeleze nini cha kusema mtoto wa kwanza akianguka, kabla ya wa pili.